Mbwa na Mwenyewe

Vijijini kwetu, kama hapa Isongole wilayani Ileje, mbwa ni mlinzi wa nyumba na shamba, hatumbezi. Lakini yatupasa tujiulize: aachwapo azurure njiani, akamwuma mtoto aendaye shule, mkosaji ni nani? Wahenga walinena, mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Mnyama hajui kwamba njia ni ya wote, mwenyewe ajua. Ugonjwa wa kichaa cha mbwa, dalili zikishamtokea mtu, karibu daima huua. Na kuchanja mbwa 70 katika kila 100 huweza kuuzuia usienee. Basi amfungaye mbwa wake na kumpeleka akachanjwe huwalinda hata watoto asiowazaa. Na huo ndio utu tuufundishao darasani.