Je, Wosia wa Mama Humfunga Mtoto?

Hapa Buzebazeba alitujia mwanamke mmoja, kijana bado, akaketi kizingitini asitake kuingia ndani. Mumewe humpiga, na si mara moja wala mara mbili. Tulipomwuliza kwa nini harudi kwa ndugu zake, alijibu, "Mwalimu, marehemu mama aliniusia nisiiache nyumba ya mume wangu hata siku moja. Nikitoka, nitakuwa nimemkana mama naye yu kaburini." Jambo hilo lilitukosesha usingizi. Basi twataka kulifikiri pamoja nanyi, ndugu wasomaji, kwa kuwa ni nyumba chache zisizo na wosia wa mtu aliyekwisha kufa.

Katika kufikiri tulimkumbuka mama mwingine, ambaye wosia wake wajulikana sana pwani. Jina lake ni Mwana Kupona binti Msham, mtu wa kisiwa cha Pate, katika visiwa vya Lamu. Aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, aliyeshindana kwa miaka mingi na Sayyid Said wa Unguja. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856. Miaka miwili baadaye, mwaka 1858, mjane huyo akiwa mgonjwa alimtungia binti yake, Mwana Hashima, utenzi wenye beti mia na kidogo. Yeye mwenyewe alifariki miaka michache baadaye.

Kila ubeti una vipande vinne, na kila kipande mizani nane. Vipande vitatu vya kwanza hulingana mwisho wake, na cha nne huchukua sauti ile ile tangu mwanzo hata mwisho wa utenzi, kama uzi upitao katika shanga. Tena yeye mwenyewe aufananisha wosia wake na kidani anachomtungia binti shingoni. Amwambia kwamba maradhi yamemshika mwaka mzima, asogee karibu, alete wino na karatasi. Neno hilo dogo laonyesha ya kuwa wino na karatasi havikuwa vitu vigeni kwa wanawake wa nyumba ile.

Na wosia wenyewe wasemaje? Binti ashike dini, awe na adabu, ulimi wake uwe mwema, asipende upuzi. Awe na radhi za watano: Mungu, Mtume, baba, mama, na mume. Nyumba aiweke safi, na mume amtunze kwa upole kama atunzavyo mtoto. Kisha mama asimulia jinsi alivyokaa na mumewe kwa mapenzi, na jinsi yule mume alivyomwachia radhi alipokuwa akifa. Mwisho aomba dua kwa ajili ya watoto wake na jamaa zake.

Utenzi huo ulinakiliwa kwa mkono kwa herufi za Kiarabu, ukahifadhiwa moyoni na wanawake, na mwaka 1934 Alice Werner na William Hichens wakautoa kuwa kitabu. Mambo kama hayo yametokea mbali pia. Katika nchi ya Ireland mwanamke aitwaye Eibhlín Dubh Ní Chonaill alimlilia kwa mashairi mumewe aliyeuawa mwaka 1773, na maombolezo yake yakakaa vinywani mwa watu kabla ya kuandikwa. Mabwana wengi wa zamani zile wamesahauliwa, lakini maneno ya wajane hawa wawili yangalipo. Nasi tusomao Biblia twajua kwamba sura ya mwisho ya Mithali ni maneno ambayo mfalme Lemueli alifundishwa na mama yake. Basi neno la mama ni urithi wa kweli, wala hatutaki mtu alidharau.

Lakini twarudi kwa yule binti aliyeketi kizingitini. Je, urithi huo humfunga mtoto kwa kila neno lake?

Katika utenzi wa Mwana Kupona mna shauri moja lituumizalo. Amwonya binti yake asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi. Sisi wa Buzebazeba tunakaa karibu na Ujiji, mji wa misafara iliyopeleka pembe na watu mpaka Bagamoyo. Utumwa ulikomeshwa kwa sheria katika Tanganyika mwaka 1922, na leo mjukuu wa mtumwa na mjukuu wa bwana huvuta wavu mmoja. Kama mtu wa uzao wa Mwana Hashima ala sahani moja na mjukuu wa mtumwa, je, amevunja wosia wa bibi yake? Hatudhani yupo atakayesema ndiyo. Basi si kila neno la wosia lina uzito mmoja. Hata mzazi mwema huchanganya hekima yake na desturi za siku zake.

Twajuaje, basi, lipi la kushika? Mwana Kupona ametusaidia, kwa maana alitaja kusudi lake waziwazi: binti akiyashika maneno yake asipate taabu, avuke dunia salama, na akhera aingie. Hilo ndilo shina, na mashauri mengine ni matawi. Tena shauri lake juu ya mume alilitoa katika maisha aliyoyaona mwenyewe, ya mume aliyempenda. Kulichukua shauri hilo na kumfungia nalo mtu apigwaye ni kama kuchukua kasia lililochongwa kwa kuvukia ziwa, kisha kumpigia mtoto wa mwenye mtumbwi.

Lakini hapa pana hatari, wala hatutaki kuificha. Mtu mvivu aweza kusema, "Mama alikusudia nifurahi, basi nitafanya nipendavyo." Kwa njia hiyo hakuna wosia utakaosimama. Kwa hiyo twaona yapasa kujipima kwa maswali mawili. La kwanza: je, nakimbia uovu, au nakimbia kazi tu? Uvumilivu wa njaa, wa ugonjwa, wa hasira ndogo za kila siku, huo mama zetu walituusia kwa haki. La pili: kama marehemu angefufuka leo, akaketi hapa mkekani, je, ningethubutu kumweleza sababu zangu nikimtazama usoni?

Maswali hayo tulimpa yule binti. La pili lilipomfikia alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mama angeuona mkono huu, angenishika mwenyewe tukaondoka." Tukamwambia, "Basi, mwanangu, umekwisha kuusikia wosia wake." Siku ile ile alikwenda kwa mjomba wake Ujiji, na wazee wamemwita mume ajibu mbele yao. Mwisho wa shauri hilo haujaonekana bado. Lakini binti amelala usiku bila hofu, naye hajamkana mama yake.

Neno letu la mwisho ni kwa wale ambao mama zao wangali hai. Yule mama wa Pate aliomba wino na karatasi akiwa kitandani. Nasi tusingoje maradhi. Tuwaendee mama zetu jioni, wakianika dagaa au wakikamua mawese, tuwaandike maneno yao. Wala tusiwaulize tu, "Twafanyeje?" Tuwaulize na "Kwa nini?" Maana mtoto ajuaye sababu ya wosia hataupoteza, wala wosia hautampoteza yeye.