Mungu Anawajua: Je, Yatosha?

Mtu wa Mahege akienda Dar es Salaam kununua bidhaa, mara nyingi safari yake huishia Kariakoo. Jina hilo tunalitamka kila siku bila kuuliza limetoka wapi. Limetoka vitani. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916, waliweka pale kambi ya kikosi cha wapagazi, ambacho kwa lugha yao kiliitwa Carrier Corps. Midomo ya watu ikalifanya jina hilo kuwa Kariakoo. Nairobi nako kuna mtaa wa Kariokor, kwa asili hiyohiyo.

Kutoka Kariakoo hadi Posta si mbali. Pale kwenye Barabara ya Samora, katika bustani ndogo inayozungukwa na magari, imesimama Sanamu ya Askari. Ilizinduliwa mwaka 1927, mahali palipokuwa na sanamu ya Mjerumani Hermann von Wissmann kabla Waingereza hawajaiondoa. Askari huyo wa shaba ameshika bunduki yenye singe. Maandishi yaliyo chini yake, yaliyotungwa na Mwingereza Rudyard Kipling, yanawataja pia wapagazi, kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Kisha yanatoa ahadi: anayekufa akiipigania nchi yake, wanawe watalikumbuka jina lake.

Izunguke sanamu ile ukitafuta jina la askari au mpagazi hata mmoja aliyekufa. Hulipati. Ahadi ya jina ipo, jina lenyewe halipo.

Vita hivyo sisi wa Rufiji na Kibiti hatukuvisikia kwa mbali. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilijificha katika delta yetu baada ya kuizamisha manowari ya Kiingereza kule Zanzibar. Waingereza waliiharibu tarehe 11 Julai 1915. Wajerumani wakaiopoa mizinga yake 10, na ilikuwa ni nguvu za Waafrika zilizoikokota katika nchi kavu. Mmoja wa mizinga hiyo umehifadhiwa Mombasa hadi leo. Chuma kimetunzwa, waliokikokota hatuwajui.

Mwanzoni mwa 1917 majeshi yalipigana kandokando ya Mto Rufiji. Tarehe 4 Januari, Kapteni Frederick Selous, Mwingereza mwenye umri wa miaka 65, alipigwa risasi huko Beho Beho. Kaburi lake lipo mpaka sasa, lina jina lake, na pori kubwa la wanyama likaitwa kwa jina hilo kwa miaka mingi. Hatumwonei wivu marehemu kwa kaburi lake. Kila mtu anastahili kuzikwa hivyo. Lakini mvua za mwaka ule ziliufurisha mto, chakula kikakosekana, na wapagazi wakafa kwa njaa, kuhara, malaria na nimonia. Waingereza peke yao walitumia wapagazi wanaokadiriwa kufika milioni moja, wengi wao wakichukuliwa kwa nguvu. Maradhi yaliwaua wapagazi wengi kuliko risasi.

Tume ya Makaburi ya Vita ya Waingereza, iliyoundwa mwaka 1917, ilikuwa na kanuni nzuri: kila aliyekufa akumbukwe kwa jina, pasipo kubagua cheo wala dini. Mwaka 2021 tume hiyohiyo ilikiri na kuomba radhi kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa watu wa Afrika Mashariki na Misri.

Hapa Mkristo anaweza kusema: “Ndugu, mbona unahangaika? Mungu anawajua wote. Hakuna aliyepotea machoni pake. Jiwe litawasaidia nini waliokufa?” Neno hilo ni la imani, na ni la kweli. Nabii Isaya, katika sura ya 49, anatufundisha kwamba Mungu amewachora watu wake katika viganja vyake. Wala wafu hawaongezewi kitu na mwashi wetu.

Lakini ukweli huo unaweza kugeuzwa kuwa mto wa kulalia. Tuutazame mfano wa tajiri na Lazaro katika Luka 16. Bwana Yesu anampa jina maskini aliyelala mlangoni, na tajiri hampi jina. Dunia ingefanya kinyume: jina la tajiri lingekuwa juu ya mlango, na maskini angeitwa “yule wa pale nje”. Mara nyingi tunahubiri jambo hilo na kuishia hapo. Tuusome mstari wa 24. Tajiri akiwa katika mateso anamwomba Ibrahimu amtume Lazaro ampelekee tone la maji. Anamwita kwa jina! Kumbe siku zote alilijua. Alimpita mlangoni akilijua jina lake. Na hata kule kuzimu jina hilo linamtoka pale tu anapotaka kuletewa kitu. Machoni pake Lazaro bado ni wa kutumwa, bado ni mpagazi.

Mungu alimjua Lazaro, lakini kujua kwake hakukumwondolea tajiri hatia. Kulizidisha hatia yake, kwa sababu yule ambaye Mungu anamwita kwa jina, yeye alimpita kama kitu. Ndivyo ilivyokuwa kwa wapagazi. Walihesabiwa vizuri mizigo ilipohitaji mabega. Ilipofika zamu ya kukumbukwa, wakawa umati.

Kwa hiyo najibu swali langu hivi: Mungu anawajua, na kwao hilo latosha. Kwetu sisi halitoshi. Tunawakumbuka ili sisi wenyewe tuache kuwapita watu mlangoni, si kwa kuhofia kwamba Mungu atasahau.

Liko swali jingine linalosumbua dhamiri. Je, tukiwakumbuka hawa hatuvibariki vita vya watu wengine, ambamo Waafrika waliuana chini ya bendera mbili za kigeni? Nadhani hapana, mradi tukumbuke kwa haki. Sanamu ya Posta imempandisha juu mwenye bunduki. Kule Nairobi, katika sanamu ya namna hiyohiyo, mpagazi amesimama pamoja na askari. Tofauti hiyo si ndogo. Anayemkumbuka mpagazi hawezi kuvisifu vita kwa urahisi, kwa maana mpagazi hana ushindi wa kujivunia. Ana bega lililochubuka na kijiji kilichomngoja asirudi.

Hapa Mahege hatuna sanamu ya askari, wala sidhani kwamba tunaihitaji. Tunaweza kuanza na daftari. Vijana wa kanisa waende kwa wazee wakaulize: katika ukoo wenu, ni nani aliyechukuliwa kubeba mizigo asirudi? Jina lake nani, mwana wa nani? Wasiulize Wakristo peke yao. Wengi wa waliotoka pande hizi walikuwa Waislamu, na wajukuu zao ni majirani zetu tunaozikana nao. Jina la mtu haliulizwi dini. Huenda tukapata machache tu, maana miaka zaidi ya 100 imepita. Jina moja likiandikwa, ni mtu mmoja aliyetolewa katika umati.

Na yako makaburi mapya kuliko hayo. Mwaka 2017 wilaya yetu ya Kibiti ilizika viongozi wa vijiji na askari polisi waliouawa. Wengi wetu tulijifunza kunyamaza siku zile, na wengine hatujaacha. Wapo wajane wanaokaa nasi ibadani ambao hatujawahi kuwataja waume zao kwa sauti. Sisemi tufukue ugomvi. Nasema siku ya maombi tuwataje waliokufa kwa majina yao, kisha tukae kimya kidogo, tuendelee.

Katika Yoshua 4, mawe 12 yalitolewa mtoni Yordani juu ya mabega ya watu, ili watoto watakapouliza maana yake, wazazi wawe na jibu. Watoto wetu nao watauliza. Wakipita Kariakoo wakiwa wameshika mkono wako, waambie jina hilo ni la nani.