Tusingoje Lori la Kasumbalesa

  Ndugu zangu Waislamu wa Luano, hapa Lubumbashi, baba zangu na mama zangu, nawausia na naiusia nafsi yangu kumcha Mungu. Leo nataka tumche Mungu katika jambo ambalo wengi wetu hatulihesabu kuwa ni dini: mboga tunayolia bukari, ugali wetu.

Tuko mwezi wa Septemba. Baridi ya Juni na Julai imepita, joto linapanda, na mvua za kwanza si mbali. Zikikawia sana ni Novemba. Mwenye kutaka kula mboga ya mkono wake Januari, miezi ile unga unapokuwa ghali na mahindi mapya bado mabichi shambani, aanze sasa. Mvua ikishakolea, utalima kwenye matope huku magugu yamekutangulia.

Katika Suratu Abasa, kuanzia aya ya 24, Mola wetu anamwamuru mwanadamu akitazame chakula chake: maji yalivyomiminwa, ardhi ilivyopasuliwa, kisha zikatoka nafaka, zabibu, mboga, mizeituni na mitende. Basi tutii amri hiyo leo mchana tukirudi nyumbani. Tutazame sinia. Unga mara nyingi umetoka Zambia. Kitunguu na nyanya, mara nyingi vilevile. Samaki tomsoni ametoka bahari ambayo wengi wetu hatutaiona. Je, ni kipi hapo kilichotoka kwenye udongo tunaoukanyaga?

Kununua si dhambi, na biashara ni halali. Lakini mmeona mwaka 2024. Mwezi wa Februari rais wa Zambia alitangaza ukame kuwa janga la taifa. Mwezi wa Agosti, kwa ugomvi wa bia na soda, Zambia ikafunga mpaka wa Kasumbalesa, Mokambo na Sakania. Ulifungwa siku chache tu, lakini mnajua jinsi bei zinavyopanda hapa kwa uvumi peke yake. Mama anayeuza vitumbua ili alishe watoto watano hana habari na ugomvi wa bia, na bado yeye ndiye wa kwanza kuulipia.

Sisi watu wa Katanga tuna sababu yetu ya kuwa hivi, na lazima tuitaje. Babu zetu walioletwa kufanya kazi katika migodi ya Union Minière walipewa posho: unga, maharage, samaki, vyote vikapimwa na kampuni. Gécamines, iliyoirithi, ikaendelea kuwalisha watu wake. Mtoto wa kambi alikua akijua kwamba chakula hutoka kazini kwa baba. Kisha mgodi wake wa Kamoto ukaporomoka Septemba 1990, uzalishaji ukaanguka, mishahara ikakatika, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondolewa kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, alitoa kitabu mwaka 2001 ambacho jina lake linawaita wana wa Shaba kuwa wameachwa na baba yao. Baba huyo ni kampuni. Ndugu zangu, msiba ule ulikuwa wa tumbo na pia wa itikadi. Ar-Razzaq, Mtoa riziki, ni mmoja, na tulikuwa tumempa kampuni nafasi isiyo yake. Nani aliwashika mkono watu wakati ule? Mama zetu, walioshika jembe wakapanda mboga za lengalenga na matembele nyuma ya nyumba na kando ya mito, na kuyabeba sokoni kichwani. Hatujawashukuru vya kutosha.

Kutegemea Mungu hakuzuii kupanga. Nabii Yusuf alaihi salaam alikuwa mtume, anapata wahyi, na bado katika Surat Yusuf, aya ya 47 na zinazofuata, anapanga kilimo cha miaka saba: mpande kwa bidii, mtakachovuna mkiache katika masuke, mle kidogo. Alijua njaa inakuja, akaitangulia. Sisi tunajua kabisa kwamba Januari na Februari ni miezi migumu, kila mwaka ni migumu, na kila mwaka tunaipokea mikono mitupu.

Basi tupange. Anzeni na uwanja wenyewe. Majani makavu mnayoyachoma kila asubuhi ni chakula cha ardhi: yarundikeni shimoni pamoja na maganda na mbolea ya kuku, mwagieni maji. Udongo wetu huu mwekundu umechoka na una uchachu. Wazee wa huku hubomoa kichuguu na kutawanya udongo wake shambani, na wako sahihi: udongo wa vichuguu vyetu una rutuba zaidi na uchachu wake ni mdogo. Inueni matuta mapema ili mvua ya Desemba isilaze miche majini. Lengalenga pandeni kidogo kidogo, kila wiki mbili, kwa maana huiva ndani ya mwezi na ukipanda yote siku moja utakula siku chache kisha basi. Matembele hayahitaji mbegu, ombeni vikonyo kwa jirani mvua inapoanza. Maboga yatambae kwenye ua, mle kibwabwa, majani yake, wakati maboga yenyewe yanakomaa. Nyanya ina taabu wakati wa mvua, magonjwa huiharibu, kwa hiyo asiyekuwa na uzoefu aiache mpaka Mei, ajifunze wakati wa kiangazi ambapo mabonde yana maji na wadudu si wengi.

Elimu hii ipo mjini kwetu. Mradi wa bustani za mijini wa FAO, ulioanza mwaka 2000 kwa fedha za Ubelgiji, ulifanya kazi katika miji mitano ya nchi hii, na Lubumbashi na Likasi zilikuwemo. Wapo wakulima waliofundishwa wakati ule ambao bado wako bondeni. Wafuateni, waulizeni, na msione haya kama mwalimu si mtu wa msikitini.

Sasa nataka niseme jambo zito. Mji huu ulianza kuyeyusha shaba mwaka 1911. Moshi wa lile dohani kubwa la kiwanda umepelekwa na upepo wa kusini-mashariki kwa miaka mingi, ukashuka juu ya udongo wa upande wa pili. Watafiti wa chuo kikuu chetu wamepima udongo na mboga za mji, wakakuta shaba, kobalti, risasi na kadmiamu. Luano haiko katika njia kuu ya moshi ule, lakini viwanda siku hizi ni vingi, na Novemba 2025 maji machafu ya kiwanda kimoja yalimwagika mpaka mitaa ya Annexe, serikali ikakisimamisha. Kwa hiyo usilime kando ya mfereji unaotoka kiwandani, hata kama maji yake ni mengi na ni ya bure. Usilime juu ya ardhi iliyowahi kumwagwa mawe ya madini. Mboga za majani hunyonya madini hayo kuliko tunda la nyanya au boga. Mboji na chokaa hupunguza unyonyaji huo. Kuosha majani vizuri huondoa vumbi. Na mwenye kuuza mboga aliyoinywesha maji anayoyajua kuwa mabaya, huku amewakataza watoto wake wasile, huyo ameghushi. Mtume wetu, swalla Allahu alaihi wa sallam, aliingiza mkono katika rundo la nafaka sokoni akakuta unyevu umefichwa chini, akamkemea mwuzaji na kusema kwamba mdanganyifu si mwenzetu. Ule ulikuwa unyevu wa mvua tu.

Na wenye viwanda wakijua kwamba tunalima, tunakula hapa, na tunadai maji safi kwa sauti moja, watatusikia zaidi kuliko tukiwa watu wa kununua tu.

Kuhusu maji, tuhurumiane. Mtume ametufundisha kwamba watu ni washirika katika maji, malisho na moto. Mwenye kisima kizuri asimfukuze jirani anayekuja na ndoo jioni, na jirani asije na ndoo kumi. Sheria yetu inaijua taabu ya kumwagilia: mazao ya mvua yanatolewa zaka sehemu moja ya kumi, yaliyonyweshwa kwa kazi sehemu moja ya ishirini. Mboga, kwa wanazuoni wengi, hazina zaka. Lakini someni Suratul Qalam kuanzia aya ya 17, habari ya wenye bustani walioapa kuvuna alfajiri ili maskini asiwakute, wakaamka bustani imeteketea. Fungu moja la matembele kwa mjane wa mtaani halitakupunguzia kitu. Hata anachodonoa ndege, kwa hadithi ya Bukhari na Muslim, umeandikiwa sadaka.

Mtu ataniambia: sheikh, kiwanja si changu, mwenye nyumba anaweza kunitoa kabla sijavuna. Namjibu kwa hadithi aliyoipokea Anas: Kiyama kikisimama na mkononi mwa mmoja wenu mna mche, akiweza aupande. Panda katika magunia na ndoo zilizotoboka, utahama nazo.

Baada ya swala, wenye viwanja vilivyolala bila kazi wabaki kidogo, na vijana wasio na kazi wabaki pia, tuwakutanishe na tuandikiane mkataba mbele ya mashahidi. Ijumaa ijayo kila mwenye mbegu ya lengalenga alete alichonacho, hata kiganja kimoja. Akina mama wanaolima bondeni, tunawaomba watuambie ni siku gani tunaweza kwenda kuona matuta yao.