Sauti ya Marehemu ni ya Nani?

Mchekeshaji Steven Mengele aliiga sauti ya Mwalimu Nyerere kwa ustadi hadi watu wakamwita Steve Nyerere. Baadaye akawa mpiga kampeni wa chama tawala, CCM, na sauti ile ikaenda naye majukwaani. Siku hizi ukiisikia, kabla hujacheka unajiuliza imetumwa na nani.

Hapa Singida swali hilo halichekeshi sana. Tundu Lissu, mwanasiasa wa upinzani wa Chadema, ni mzaliwa wa Ikungi, mkoani hapa. Mwaka 2014, akiwa mbunge wa Singida Mashariki, alihoji uhalali wa Hati za Muungano za 1964 katika Bunge Maalumu la Katiba, na wajumbe wa CCM wakamjia juu kwamba anawatukana waasisi. Lissu hakuiga sauti ya mtu. Hata hivyo mwigaji na mhoji wanafanya jambo moja: wanamsimamisha marehemu mbele ya walio hai, naye hana nafasi ya kusema, "Hapo mmenisingizia."

Nadhani hasira za kichama zinatoka hapo. Igizo la mfalme wa kale tunalitazama kama igizo. Mwalimu alifariki 1999, lakini redioni tumeendelea kumsikia katika kipindi cha Wosia wa Baba; anayeiga sauti hiyo tunamsikiliza kama shahidi. Na shahidi lazima awe wa upande fulani.

Lakini ni Mwalimu yupi anayeigwa? Kifimbo, kicheko, ile namna ya kurudia neno mpaka ukumbi uangue kicheko: hayo hayamdhuru mtu, ndiyo maana yanaigika. Mwalimu aliyetetea vyama vingi, ingawa Tume ya Nyalali ilikuta karibu watu 80 katika kila 100 wanataka chama kimoja, haonekani mara nyingi kwenye majukwaa ya kijani ya CCM. Wapinzani nao humwita huyo mtetezi wa vyama vingi, wakamwacha nje yule wa Sheria ya Kuwekwa Kizuizini ya 1962 na wa chama kimoja cha 1965. Na bibi wa kijijini aliyehamishwa kwenye shamba lake wakati wa Operesheni Vijiji ana Mwalimu wake mwingine, ambaye sijaona mchekeshaji akimgusa.

Mwalimu mwenyewe aliijua michezo hii. Mwaka 1963 alichapisha tafsiri yake ya *Julius Caesar* ya Shakespeare. Humo wauaji wanatabiri, damu haijakauka mikononi, kwamba tukio lao litaigizwa katika nchi ambazo hazijazaliwa na kwa lugha zisizojulikana. Aliyekuja kuutimiza utabiri huo kwa Kiswahili ni rais wa nchi iliyokuwa na umri usiozidi miaka 2. Kisha Antoni anasimama na vazi lenye matundu, anasoma wosia, na umati unageuka. Marehemu amekuwa hoja ya aliye hai.

Ningependa kumwona mwigaji mmoja akipanda jukwaa la CCM na *Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania*, kitabu kilichochapwa Harare, akayasema kwa sauti ile ile maneno ambayo Mwalimu aliwakemea nayo viongozi wa chama chake mwenyewe, waziri mkuu na katibu mkuu wakiwemo. Wiki inayofuata, kwenye mkutano wa Chadema, autetee uamuzi wa chama kimoja wa 1965 kwa hoja za Mwalimu mwenyewe, bila kumpunguza. Sijui nani angemlipia vipaza sauti.