Weka Patasi Chini Kwanza

Mwanangu, hiyo patasi iweke chini kwanza. Najua unataka kuhamia. Najua pia vigae vya bafu lako vipya vinakera macho, vimejaa mabaka ya saruji na gundi. Lakini kaa, tuzungumze kidogo.

Saruji haikauki tu, inakomaa. Mafundi hutaja siku 28, na hata baada ya hapo huzidi kuwa ngumu. Kwa hiyo anza leo, ila usianze kwa nguvu. Kigae chenye kung'aa hakinywi saruji. Imekaa juu yake tu. Loweka kitambaa kwenye maji ya moto, funika nacho pale penye baka, kisha nenda kapike. Ukirudi, gundi nyingi zitakuwa zimelainika. Kwangua kwa kadi ya benki iliyokwisha muda, ukiilaza. Ule utando mweupe unaobaki, ufute kwa siki na maji, usuuze.

Mimi sikuwa na subira hiyo. Nilinunua tindikali kwenye duka la vifaa vya ujenzi, nikaimimina hivihivi bila maji. Saruji ikatoa povu, nami nikachekelea. Kuja kutazama, grauti kati ya vigae inatoka unga, bomba limepauka, kromu imeliwa. Ikatiririka hadi kwenye terazo ya ukumbini, ikaacha kovu. Terazo ni saruji na vipande vya marumaru. Tindikali ingejuaje kipi ni uchafu na kipi ni sakafu? Mama yako hakusema neno. Alileta ndoo ya maji, akaanza kumwaga.

Ikibidi kabisa kuitumia, subiri grauti ikomae. Ndooni tanguliza maji, tindikali ifuate, kamwe usigeuze. Lowesha grauti ishibe maji kabla hujaanza. Vaa glavu na miwani, fungua dirisha. Na jiki isikaribie hapo! Vikikutana hutoa gesi ya klorini, nayo huunguza mapafu.

Bombani usipeleke tindikali kabisa. Hata siki, izimue kwa maji, iguse kwa dakika chache tu, kisha suuza na urudie. Tone nene lisukume kwa kijiti cha mbao. Wembe nao kwenye kromu hapana. Kama sinki lako ni la marumaru halisi, ya jiwe, siki na ndimu vyote viache jikoni. Hapo ni maji, sabuni laini na mikono yako.

Sasa lile bonge nyuma ya choo, pale mkono haufiki vizuri, mwachie fundi aliyelidondosha. Hela yake ya mwisho hujampa bado, au umeshampa?