Kijana Aliyechoka Kungoja

Kwa miaka mingi popo wa Pemba alilindwa na kitu ambacho hakuna aliyekihesabu kuwa ulinzi, nacho ni uchovu wa kumwinda. Mwindaji alikwenda chini ya mshelisheli baada ya Isha na wavu begani, akangoja. Akangoja tena. Mara nyingi alfajiri ilimkuta na popo wawili au watatu, na mara nyingine mikono mitupu na nguo zimelowa umande. Kungoja kulipoondolewa katika kazi hiyo, popo nusura waishe.

Popo ninayemzungumzia si yule mdogo wa darini. Huyu uso wake ni wa mbweha, manyoya yake mekundu ya kahawia, na mbawa zake zikikunjuliwa hufika karibu mita moja na nusu. Wataalamu wanamwita Pteropus voeltzkowi, jina alilopewa mwaka 1909 kwa heshima ya Mjerumani Alfred Voeltzkow. Porini haishi kokote duniani isipokuwa Pemba. Ukivuka mkondo kwenda Tanga humpati. Jamaa zake wako Mafia, Comoro, Madagaska, na kuendelea mashariki hadi Bara Hindi na Australia. Jike huzaa mtoto mmoja kwa mwaka, na wiki za mwanzo humbeba kifuani anaporuka kwenda kutafuta chakula. Jambo hili la mtoto mmoja msomaji alishike, maana kisa chote kinaning'inia hapo.

Kumla au kutomla ni ubishi wa zamani. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi Visiwani, kauli inayofuatwa sana ni kwamba si halali. Walioacha waliacha, waliokula walikula, na kwa waliokula alikuwa kitoweo cha kutamaniwa.

Zana za kale zilikuwa wavu uliotandikwa kwenye njia ya popo kuufuata mti wenye matunda, na ulimbo, yaani utomvu wa mti kama mfenesi uliochemshwa mpaka ukashika. Wavu hauendi kumfuata mnyama. Ulimbo hauruki. Mtu hana budi kukaa pale pale, kimya, gizani, saa nyingi, na swali la kila usiku likawa lile lile: saa hizi nizipitishe vipi?

Nitasimulia kisa cha watu wawili. Siwapi majina, kwa kuwa nimewakusanya kutoka kwa wengi: ami wa namna hii na kijana wa namna hii walikuwamo katika vijiji vingi vya kisiwa hiki, na kisa ni changu mimi niliyewakutanisha.

Ami alikuwa fundi wa kungoja. Akishatandika wavu hukaa na kipande cha wavu mwingine mapajani akaushona kwa vidole bila taa, kila tundu akilipapasa. Vidole vikichoka huanza vitendawili, kwa sauti ya kunong'ona ambayo haifiki hatua tano.

"Kitendawili."

"Tega," kijana hujibu, huku akipiga miayo.

"Nina mkulima hana jembe. Hupanda usiku, mchana analala."

"Mwizi, Ami."

"Mwizi huvuna asichokipanda. Fikiri, mwanangu. Mikuyu ile ya makaburini nani aliipanda?"

Kijana hakujua. Jibu lilikuwa linapita juu ya kichwa chake wakati ule ule. Popo hula matunda ya mkuyu kwenye mti mmoja, akaenda kuangusha mbegu mbali, na hivyo msitu hupandwa bila mpanzi kuonekana. Ami hakuyasoma hayo darasani. Aliyapata kwa kukaa.

Na alikuwa na mchezo mwingine, ambao mimi nauona bora kuliko vyote. Popo wakianza kutua mtini, alimtaka kijana afumbe macho aseme ni wangapi. Kutua kwa popo mkubwa kuna kishindo chake: mbawa hupiga majani, tawi huinama, kisha huja ugomvi wa kugombea tunda. Usiku wa kwanza kijana alisema watano wakawa kumi. Baada ya msimu mmoja alikuwa akikosea kwa mmoja au wawili tu. Baadaye ami akamfundisha kupapasa kile kilichonaswa. Akikuta jike lenye mtoto kifuani hulinasua kwenye wavu taratibu, akiziepusha kucha zake, akaliachia. Hakuwa na hotuba juu ya hilo. Alisema tu, "Huyu wa mwakani."

Kijana hakuwa mpumbavu. Alikuwa kijana. Aliuona usiku mrefu na malipo kidogo. Mara moja alikuja na redio ya betri, akaiweka chini sana, taarabu kutoka Sauti ya Tanzania Zanzibar. Ami hakuifunga. Alingoja wimbo ukaisha, kisha akauliza, "Sasa wako wangapi mtini?" Kijana alikuwa hana jibu, na popo walikuwa wamekwisha kula wakaondoka. Hapo pangetosha kuwa funzo, lakini aliyechoka hasikii.

Ndipo akaja mtu wa mjini na bunduki ya marisau. Hakuja kukesha. Risasi ina bei, naye alitaka kila moja irudishe fedha yake, kwa hiyo kupiga popo mmoja mmoja usiku kwake ilikuwa hasara. Alichotaka ni kuonyeshwa wanakolala. Popo hawa hulala mchana mitini kwa makundi, wananing'inia wamebanana, na baadhi ya miti hiyo imo katika vichaka vya makaburini, ambako watu kwa heshima ya wafu hawakuwa wakikata. Kijana alipajua. Miaka yote ya kukaa na ami ilimpa elimu ya mahali, majira na tabia, naye akaiuza yote kwa asubuhi moja.

Walifika jua limepanda. Mlio wa kwanza uliangusha kumi na wawili. Kundi likainuka likazunguka juu, likarudi kwa kuwa halikuwa na pengine pa kwenda katika joto lile, na mlio wa pili ukawakuta. Waliookotwa walijaza magunia mawili. Waliojeruhiwa wakabaki juu wameshika matawi, hawafikiki, wakafa huko. Kazi yote ilichukua muda mfupi kuliko ule ambao ami alitumia kutandika wavu tu.

Jioni kijana alimpelekea ami fungu lake, kwa adabu kabisa. Ami alilitazama.

"Majike wangapi?"

"Sikutazama, Ami."

"Wenye watoto?"

Kijana alinyamaza. Wakati wa kupiga hapakuwa na nafasi ya kujua. Marisau hayapapasi.

Msimu uliofuata kile kichaka kilikuwa kitupu. Popo waliosalimika walihamia mbali, kijana akawafuata na bunduki, wakahama tena. Kila kundi lililovunjwa liliacha majike machache, na kila jike lilizaa mtoto mmoja kwa mwaka, hivyo waliokufa katika milio miwili walihitaji miaka mingi kufidiwa, na miaka hiyo hawakupewa. Mwisho yule mtu wa mjini akaacha kuja. Alipoulizwa alisema Pemba hakuna popo.

Kisa hiki nimekitunga, ila maneno yake ya mwisho yalikaribia kuwa kweli. Mwaka 1989 watafiti waliofika kisiwani waliona popo wachache mno. Katika miaka ya 1990 idadi iliyokadiriwa ilikuwa elfu chache tu, na mwaka 1996 popo wa Pemba aliingizwa katika daraja la juu kabisa la hatari kwenye orodha ya kimataifa ya viumbe wanaotoweka. Sitaki kuibebesha bunduki dhambi yote. Msitu wa Pemba ulikuwa umekwisha kukatwa kwa sehemu kubwa, tangu enzi za Sultani mikarafuu ilipopandwa, na zaidi baada ya kimbunga cha 1872 kuangamiza mashamba ya Unguja na biashara ya karafuu kuegemea Pemba. Kipande kikubwa kilichobaki ni Ngezi, huko kaskazini, kilichotangazwa hifadhi mwaka 1959. Lakini mnyama aliyebanwa na ukosefu wa miti bado aliishi na wavu na ulimbo. Bunduki ndiyo iliyomfikisha ukingoni, na nguvu yake kubwa ilikuwa hiyo ya kuondoa usiku katika uwindaji.

Kilichofuata kinatupa moyo, nacho kilianzia vijijini. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990, idara ya misitu ya Zanzibar pamoja na shirika la Fauna & Flora International walikaa na wanavijiji wenye popo kwenye ardhi yao, skulini pakafundishwa habari za popo, na vikundi vikaundwa vya kulinda vichaka. Kidike, karibu na barabara ya Chake Chake kwenda Wete, ikawa mahali pa wageni kuja kuwatazama, na kiingilio kikawa fedha ya kijiji. Hesabu zilizofanywa katika mwongo wa 2000 zilipata popo zaidi ya 20,000. Mwaka 2008 orodha ile ile ya kimataifa ikamshusha ngazi mbili za hatari kwa mpigo mmoja. Jambo hili ni nadra sana kwa mnyama yeyote, na walioliwezesha ni watu wa Pemba.

Na hesabu hiyo inapatikanaje? Kwa kukaa. Wahesabuji hukaa karibu na kichaka kabla ya Magharibi, wakangoja kundi liamke, wakahesabu wanavyotoka. Ni ujuzi ule ule wa ami.

Ninachohofia leo ni kwamba uchovu wa kungoja umerudi kwa njia nyingine. Mgeni amekuja saa sita mchana, ana gari linalomsubiri, anataka picha ya popo wakiruka. Kwenye kichaka chochote cha popo utamkuta mtu aliye tayari kupiga makofi au kurusha jiwe ili mgeni aridhike. Kundi likiinuliwa mchana hupoteza nguvu katika jua, na mtoto aliyeshika vibaya huanguka. Hakuna aliyekusudia kuua, kama vile kijana wetu naye hakukusudia kumaliza. Vijana wanaoongoza wageni wajue kwamba wana haki ya kukataa, na wawe na la kumwambia mgeni katika saa ile ya kungoja: mkuyu huu ulipandwa na nani, jike hubeba mtoto vipi, zamani wavu ulitandikwa wapi. Mgeni aliyesimuliwa haya anakaa. Aliyeachwa na simu yake tu ndiye anayeokota jiwe.

Baharini mambo ni hayo hayo. Kusini mwa kisiwa, Kisiwa Panza, wavuvi wamejaribu kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi mitatu ili pweza akue. Pweza hukua upesi mno, na mwenye subira siku ya kufungua huvuna pweza wazito. Shida ya mpango kama huu haiko kwenye siku ya kufungua, iko katikati, usiku wa maji kupwa, pale walinzi wawili wa doria wamekaa ufukweni na hakuna kinachotokea. Usiku kama huo ndio mlinzi hulala, au huondoka mapema, au huambiwa na rafiki yake kwamba pweza mmoja hatajulikana.

Kamati nyingi hufikiria boti, mafuta na tochi, na vyote vinahitajika. Mimi ningeongeza mzee. Kila zamu ya doria ya vijana ipewe mtu mzima mmoja aliyewahi kukesha na wavu au na mshipi, alipwe posho kama wao, na kazi yake iwe kukaa nao, kutega vitendawili, na kuwauliza kila baada ya muda wamesikia nini. Wengi wa wazee hao bado wapo Pemba, wamekaa barazani tangu Alasiri, na wengi wao hakuna aliyewaomba.