Dhana Mbaya na Mita ya Maji

Jua, ewe ndugu yangu, ya kuwa mita ya maji ikizidi kuliko desturi, watu hufanya haraka kumtuhumu msoma mita, au jirani, au mtumishi wa nyumbani. Na kumtuhumu mtu bila ya ushahidi ni dhulma.

Basi chunguza kwanza. Funga mifereji yote, kisha utazame mita. Mshale wake ukizunguka, maji yavuja upande wako. Tia rangi katika tangi la choo, ungoje robo saa pasi na kuvuta maji. Rangi ikiteremka chooni, umekwisha mjua mwizi. Mshale ukitulia, linganisha nambari za mita na zilizoandikwa katika hati ya madai. Zikikhitilafiana, dai haki yako kwa adabu.

Kabla ya kujua una udhuru. Baada ya kujua, kuliacha tone moja kila sekunde ni kumwaga matone 86,400 kila siku, na huo ni israfu, ijapokuwa waweza kulipa. Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja, hali hakuna aliyemdai thamani yake.

Wallahu aalam.